Duara Katika Herufi: Usanifu wa Fonti za Mviringo na Nafasi Yake Katika Maandishi ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba lugha ni sauti, na kwamba maandishi ni alama tu za kuziwakilisha sauti hizo. Kauli hii ni sahihi, lakini imetufanya tuzipuuze alama zenyewe. Tunajadili fonimu na silabi, tunabishana kuhusu ngeli, tunahesabu mizani. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mtu katika idara zetu akiuliza kwa nini herufi ‘a’ iliyo katika kitabu cha darasa la kwanza haifanani na ‘a’ iliyo katika kamusi. Swali hilo laonekana dogo. Makala haya yanashikilia kwamba si dogo hata kidogo kwa lugha ambayo herufi ‘a’ ndiyo mhimili wa maandishi yake.

Tutachunguza aina moja tu ya herufi za chapa, nayo ni ile ya fonti za kijiometria zenye ncha za mviringo. Aina hii imeenea mno katika mabango, nembo za kampuni, vitabu vya watoto na skrini za simu, na vijana wanaotengeneza matangazo kwa tarakilishi huipenda kwa kuwa ina sura ya upole.

Kwanza tukubaliane kuhusu istilahi. Fonti nyingi za vitabu, mathalani Times New Roman, zina vijimstari vidogo vinavyojitokeza mwishoni mwa kila mstari wa herufi. Hivyo tutaviita vikia. Fonti isiyo na vijimstari hivyo ni fonti isiyo na vikia, kama vile Arial. Mstari wima wa herufi tutauita mlingoti, na sehemu ya duara, kama ile ya ‘b’ au ‘p’, tutaiita tumbo. Fonti huwa ya kijiometria pale ambapo matumbo yake yamejengwa kwa kufuata duara na milingoti yake kwa kufuata mstari ulionyooka, badala ya kuiga mwendo wa kalamu mkononi. Ikiwa zaidi ya hayo miisho ya mistari haikukatwa kwa pembe bali imeviringwa kama ncha ya kidole, hapo ndipo tunapopata fonti ya mviringo tunayoizungumzia.

Duara kabla ya tarakilishi

Wengi hudhani kwamba wazo la kuzipima herufi kwa duara lilizaliwa Ujerumani katika karne ya 20. Sivyo. Huko Baghdad, Ibn Muqla, waziri na mwanahati aliyefariki mwaka 940, aliweka utaratibu wa kuzilinganisha herufi za Kiarabu kwa kutumia nukta ya kalamu kama kipimo, pamoja na duara ambalo kipenyo chake ni urefu wa alifu. Maadamu tungo za kale za Kiswahili ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, duara kama kipimo cha herufi si jambo geni kabisa katika historia ya maandishi tunayoyasoma.

Ni kweli hata hivyo kwamba fonti za kisasa za aina hii zina ukoo wao Ujerumani. Mwaka 1925 Herbert Bayer, aliyekuwa mwalimu katika shule ya usanifu ya Bauhaus mjini Dessau, alianza kubuni alfabeti aliyoiita Universal. Ilikuwa ya herufi ndogo pekee, iliyojengwa kwa vipande vya duara na mistari michache. Bayer alishangaa kwa nini sauti moja iandikwe kwa alama mbili, kubwa na ndogo, ilhali katika usemi hakuna sauti kubwa na sauti ndogo. (Msomaji wa hati za Kiarabu, ambazo hazina herufi kubwa, angemwelewa pasipo shida.) Alfabeti yake haikuwa fonti ya kuchapia vitabu, ilibaki zaidi kuwa hoja iliyochorwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1927, kiwanda cha Bauer cha Frankfurt kilitoa Futura, fonti ya Paul Renner. Hii ndiyo iliyothibitisha kwamba duara laweza kuwa msingi wa herufi zinazosomeka. Futura ilikuwa na ncha kali, lakini mifupa yake ndiyo inayoonekana bado ndani ya fonti nyingi za mviringo.

Ncha za mviringo zenyewe hazikutoka kwa wasanii, bali kwa mafundi. Mashine za kuchonga herufi kwenye bamba, kama zile za kampuni ya Gorton ya Marekani, zilitumia kijembe kinachozunguka. Kitu kinachozunguka hakiwezi kuacha pembe kali mwishoni mwa njia yake. Huacha nusu duara. Kalamu ya mchoraji ramani yenye mdomo wa mrija hufanya vivyo hivyo, na bomba la taa za neoni haliwezi kuwa na kona iliyochongoka. Kwa hiyo, muda mrefu kabla ya watu kusema kwamba ncha za mviringo ni “rafiki”, zilikuwa ishara ya kazi ya karakana: herufi za vibao vya mitambo, vitufe na ramani. Ninaona inafaa kulikumbuka jambo hili, kwani siku hizi huelezwa kana kwamba umbo fulani lina hisia fulani kwa asili yake. Hisia hiyo tumeipachika sisi.

VAG Rounded na warithi wake

Mfano unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni VAG Rounded. Kampuni ya magari ya Volkswagen ilikuwa imeichukua Audi katika miaka ya 1960, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 magari ya majina hayo mawili yaliuzwa kupitia mtandao mmoja wa wauzaji ulioitwa V.A.G. Palikuwa na tatizo la maandishi. Volkswagen ilikuwa na mazoea ya kutumia Futura, nayo Audi ilitumia Times. Kuchagua mojawapo kungekuwa sawa na kusema kwamba mmoja amemmeza mwenzake, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini halikufaa kuandikwa ukutani. Suluhisho lilikuwa kubuni fonti ya tatu isiyo ya upande wowote. Kazi hiyo ilifanywa na wabunifu wa kampuni ya Sedley Place, na fonti ikatolewa mwaka 1979. Walichukua mifupa ya kijiometria, wakaondoa vikia, kisha wakaviringa kila ncha.

Jina la V.A.G liliachwa katika miaka ya 1990, lakini fonti ilikwisha kuondoka nyumbani. Kampuni ya Adobe iliiingiza katika mkusanyo wake mwaka 1989, na tangu hapo mtu yeyote mwenye tarakilishi na leseni aliweza kuitumia. Ilionekana kwenye vifungashio, kwenye vitabu vya watoto na, lililo mashuhuri zaidi, kwenye vibonye vya tarakilishi za Apple, hadi kampuni hiyo ilipoanza kuibadilisha kwa fonti yake yenyewe, San Francisco, mwaka 2015. Wengi wetu tumeandika tasnifu nzima tukiigusa fonti hii kwa vidole bila kuijua jina.

Mwaka 2008 ulileta mabadiliko ya namna nyingine. Mbunifu wa Denmaki, Johan Aakerlund, alitoa Comfortaa, fonti ya kijiometria yenye ncha za mviringo iliyokusudiwa kutumiwa kwa ukubwa: vichwa vya habari, nembo, mabango. Mwaka uo huo Andrew Paglinawan alitoa Quicksand, ambayo nayo ilianzia katika maumbo ya msingi ya jiometria na baadaye, mwaka 2016, ikasahihishwa na Thomas Jockin. Fonti zote mbili zinapatikana bure chini ya leseni huria ya SIL, ambayo humruhusu mtu kuzitumia, kuzisambaza na hata kuzirekebisha. Hapa ndipo penye maana kwa chama cha wanafunzi kisicho na bajeti. Fonti ya VAG Rounded ilihitaji kununuliwa; Comfortaa na Quicksand huhitaji mtandao tu. Bila shaka hiyo ni sababu mojawapo ya kuziona kila mahali.

Duara lisilo duara

Mtu asiyewahi kuchora herufi hudhani kwamba fonti ya kijiometria ni kazi ya bikari na rula. Ajaribu. Akichora ‘o’ ya duara kamili kando ya ‘x’ yenye kimo kilekile, ‘o’ itaonekana fupi. Jicho hupima wingi wa wino unaogusa mstari, na duara hugusa mstari wa juu na wa chini kwa nukta moja tu. Kwa hiyo mbunifu huipandisha ‘o’ kidogo juu ya mstari wa kimo na kuishusha kidogo chini ya mstari wa msingi, ndipo ionekane sawa na wenzake.

Katika fonti ya mviringo tatizo hili halimkabili ‘o’ peke yake. Hata mlingoti wa ‘l’ au ‘i’, ambao katika fonti ya kawaida husimama kwa mguu bapa, sasa unasimama kwa ncha ya nusu duara. Nao huonekana mfupi. Hivyo mbunifu analazimika kurefusha karibu kila herufi, kila moja kwa kiasi chake. Aidha, mstari wa mlalo wenye unene sawa na wa wima huonekana mnene zaidi, budi upunguzwe. Pale tumbo linapoungana na mlingoti, kama katika ‘b’ na ‘n’, wino hujikusanya na kufanya doa; budi mstari upunguzwe hapo pia. Na mara tu unene unapotofautiana, ncha haiwezi tena kuwa nusu duara halisi, kwani kila mstari una upana wake. Mwishowe, ndani ya fonti inayosifiwa kwa uduara wake, hakuna takriban duara lolote.

Hata tarakilishi yenyewe haichori duara. Katika mfumo wa PostScript, uliotolewa na Adobe mwaka 1984, herufi hujengwa kwa mikunjo inayoitwa ya Bézier, kwa jina la mhandisi wa kampuni ya Renault ya Ufaransa aliyeitumia katika kuchora mabodi ya magari. Mikunjo hiyo haiwezi kutoa duara kamili. Hulikadiria kwa vipande vinne, kwa kosa dogo ambalo jicho haliwezi kuliona. Nimeona vema kulitaja hili kwa sababu linafurahisha: VAG Rounded, fonti iliyobuniwa kwa ajili ya magari, ilifika kwenye tarakilishi zetu kwa hesabu iliyobuniwa kwa ajili ya magari.

Kiswahili ndani ya duara

Sasa tuje kwenye hoja kuu. Fonti nyingi hubuniwa na kujaribiwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Kiswahili hakina alama za juu ya herufi wala herufi za ziada, kwa hiyo huchukuliwa kuwa kinafaa katika fonti yoyote ya Kilatini. Kwa maana ya kwamba hakuna herufi inayokosekana, hilo ni kweli. Kwa maana ya usomekaji, si kweli sana.

Tuangalie sentensi ya kawaida: Wanafunzi walikaa darasani wakaandika makala. Ina herufi 40, na katika hizo 15 ni ‘a’. Nimeichagua makusudi, lakini msomaji akichukua aya yoyote ya Kiswahili atakuta ‘a’ imezitangulia herufi zingine zote. Sababu zinajulikana: vitenzi vyetu vya Kibantu huishia kwa ‘a’, viambishi vya wa- na ma- ni vingi, viambishi vya njeo kama na, ta na ka vina irabu hiyohiyo, na kihusishi cha a-unganifu kiko katika kila sentensi. Kwa ufupi, sura ya ukurasa wa Kiswahili ni sura ya ‘a’.

Herufi ‘a’ ina maumbo mawili. Lipo lile lenye paa lililopinda juu ya tumbo dogo, ambalo tutaliita ‘a’ ya ghorofa mbili, na lipo lile la duara lenye mlingoti mfupi kuume, yaani ‘a’ ya ghorofa moja, ambayo ndiyo tunayoiandika kwa mkono. Fonti za kijiometria hupendelea ghorofa moja, kwa kuwa ndiyo inayotii duara. Futura, Comfortaa na Quicksand zote zina ‘a’ ya namna hiyo. Tokeo ni kwamba tofauti ya ‘a’ na ‘o’ inabaki kuwa mlingoti mmoja mfupi. Ncha ya mlingoti huo ikiviringwa, inapungua tena. Ukiuchapisha ukurasa kwa udogo, au ukautoa nakala ya nakala kwa mashine iliyochoka, mlingoti huzama ndani ya duara.

Katika Kiingereza muktadha humwokoa msomaji mara nyingi, na irabu hizo mbili hazijazana hivyo. Katika Kiswahili jozi sahili ni tele: bara na bora, kamba na komba, shaka na shoka, kasa na kosa, chama na choma, taka na toka. Hizi si jozi za kubuniwa darasani. Bango linalotangaza mkutano wa chama, likisomwa kwa mbali, linaweza kuwaalika watu kwenye nyama. Msomaji mzoefu atajirekebisha, lakini kujirekebisha huko ni kazi, na kazi hiyo ikirudiwa mara kumi katika kila mstari humchosha kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu tosha ya kutotumia Comfortaa wala Quicksand katika matini ndefu ya Kiswahili, hata zikiwa bure. Na tukumbuke kwamba Comfortaa haikukusudiwa kwa matini ndefu tangu mwanzo. Anayelaumiwa ni mtumiaji.

Kuna tatizo la pili ambalo halitajwi. Hadithi zetu nyingi huanza kwa Ilikuwa, Iliondokea, au Ilitokea. Katika Quicksand, na katika fonti nyingi zisizo na vikia, herufi kubwa ya ‘I’ ni kijiti, na herufi ndogo ya ‘l’ pia ni kijiti. Neno la kwanza la hadithi basi huanza kwa vijiti viwili vinavyofanana, na anayejifunza kusoma hana njia ya kujua kipi ni kipi. Katika Kiingereza, ‘I’ kubwa hufuatwa na ‘l’ kwa nadra. Kwetu ni jambo la kila siku, kwani i- ni kiambishi cha ngeli na -li- ni kiambishi cha wakati uliopita.

Kuhusu ng’, inatosha kusema kwamba kibainishi chake kikiviringwa ncha zote mbili hugeuka kijiti kifupi kinachoelea, na katika maandishi madogo hutoweka. Ng’oa ikawa ngoa: kung’oa jino na kulia ngoa ni mambo mawili. Nalo suala la upana lina pande mbili. Duara kubwa hula nafasi, na maneno yetu ni marefu kwa sababu ya uambishaji. Yatakayozungumziwa ni neno moja. Katika safu nyembamba ya gazeti fonti kama hiyo huacha mapengo ya kuchusha. Katika bango lenye maneno matatu, upana uohuo huwa fahari, na mfululizo wa silabi wazi za Kiswahili, konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, huleta mdundo wa maduara ambao Kijerumani, chenye mlundikano wa konsonanti, hakiwezi kuupata. Bayer angalikuwa na lugha yetu, huenda alfabeti yake ingalipendeza zaidi.

Baba, dada, papa

Wachapishaji wa vitabu vya watoto huzipenda fonti za mviringo kwa hoja mbili: zina ‘a’ inayofanana na ile ambayo mtoto anafunzwa kuiandika, na zina sura isiyotisha. Hoja ya kwanza ni nzito. Si haki kumfunza mtoto umbo moja ubaoni na kumpa lingine kitabuni.

Lakini hebu tutazame maneno ambayo kitabu cha kwanza cha Kiswahili hayawezi kuyakwepa: baba, dada. Tuongeze na papa. Katika fonti iliyo ya kijiometria kikamilifu, ‘b’, ‘d’ na ‘p’ ni umbo moja: duara na mlingoti, likigeuzwa huku na huku. Nayo ‘a’ ni duara lilelile lenye mlingoti mfupi. Neno dada basi ni maduara manne yenye vijiti kuume, viwili virefu na viwili vifupi. Baba ni maduara manne ambayo mawili yamehamisha vijiti kushoto. Mtoto hajazoea bado kwamba kugeuza umbo hubadilisha maana yake. Kikombe kikigeuzwa mkono upande wa pili kinabaki kikombe. Kwa nini baba akigeuzwa awe dada? Mwandiko wa mkono na fonti zilizofuata kalamu humsaidia kidogo kwa kuyatofautisha matumbo. Duara kamili linamnyima msaada huo, eti kwa jina la urahisi.

Kwa bahati, wapo waliolifikiria jambo hili kwa makini, na jina waliloichagulia kazi yao ni letu. Shirika la SIL, ambalo hushughulikia lugha zenye maandishi machache, lilitengeneza fonti iitwayo Andika, kutokana na kitenzi chetu katika hali ya kuamrisha. Haina vikia, wala si ya kijiometria. Imesanifiwa mahususi kwa wanaoanza kusoma: ‘a’ yake ni ya ghorofa moja kama ya mkononi, na herufi zinazochanganywa kwa urahisi zimetofautishwa kwa makusudi. Ni huria pia. Inashangaza kwamba fonti yenye jina la Kiswahili haitajwi sana katika idara za Kiswahili.

Kwa tasnifu, vyuo vyetu vingi vimekwisha kuamua kwa kudai Times New Roman, na mjadala haupo. Uhuru wetu uko kwenye mabango, majalada, vipeperushi na majarida ya chama. Anayetaka upole wa ncha za mviringo bila kuipoteza ‘a’ atazame Nunito, iliyoanzishwa na Vernon Adams, au Varela Round. Zote mbili zimeviringwa ncha, zote mbili ni za bure, na zote mbili zimeiachia ‘a’ ghorofa zake mbili. Kabla ya kuchapisha nakala mia, achape kwanza mstari mmoja kwa ukubwa utakaotumika, Ilikuwa shaka, si shoka. Ng’oa, si ngoa. Bora ya bara, kisha aubandike ukutani na kurudi nyuma hatua kumi.